Alama ya Theluji

Nilikanyaga mafuta, gari likafikiri kwanza.
Nusu sekunde tu, lakini pale Mbaruk,
lori la vitunguu mbele, basi linakuja,
nusu sekunde ni ndefu, unaweza kuipima kwa kamba.

Nikalipeleka kwa Tapkigen, nyuma ya kiwanda cha pareto,
karakana ya mabati na paka mwenye grisi masikioni.
Hakufungua boneti. Aliketi, akavua kiatu cha kulia,
akakanyaga kwa soksi, polepole,
kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

"Haliumwi," akasema. "Limefunzwa adabu za kwingine."
Akanionyesha kitufe kando ya gia,
rangi yake imelika chini ya kidole cha mtu nisiyemjua,
huko lilikotoka kabla ya meli na ushuru:
Kawaida. Michezo.
Na chini kabisa, nyota ya pembe sita. Theluji.
Miezi minane nimeendesha Nakuru
kama mtu anayevuka ziwa lililoganda.

Tulicheka hadi paka akaondoka.
Hapa cheupe ni magadi.
Upepo ukiamka ziwani huyapeperusha mpaka mjini,
yanatua kwenye kioo, yanawasha macho,
ila hayajamtelezesha mtu.

Akachomeka kompyuta, akachora mistari miwili.
"Huu mguu wako. Huu mlango wa hewa.
Kwenye theluji ukiomba nusu, unapewa kijiko.
Kwenye michezo ukiomba kijiko, unamwagiwa sufuria.
Injini ni ile ile, farasi hawajazaa.
Kinachobadilika ni haraka ya kujibiwa."
Kisha, akifuta mikono kwa gazeti:
"Na hapa juu hewa ni nyembamba. Usijidanganye."

Alfajiri ya Jumapili nilipanda Menengai.
Michezo.
Gia ya tatu, mshale unakimbilia wekundu,
kona, ncha ya mguu kwenye breki,
ubavu wa mguu huohuo unayagusa mafuta kidogo,
klachi, ya pili, na injini inaitika
kabla sijamaliza kuita.
Nilipiga kelele peke yangu, sioni haya kusema.
Mbuzi walisimama kunitazama.

Jumatatu, kwenye foleni, gari hilohilo
liliruka kama ndama aliyefunguliwa.
Kidole cha mguu kikitikisika, shingo inalipa.
Mwenye bodaboda aliniuliza nimejifunza wapi,
na hakuwa ananisifu.

Alhamisi nikamchukua Mama hospitalini,
mgongo wake una nyuzi kumi na nne.
Alilitazama gari, lilivyo chini, lilivyo jekundu,
akanitazama mimi.
"Hukupata la watu wazima?"
Wairuri akamshika kwapa, tukamshusha kitini
kama kioo cha dirisha.

Sikuwaza. Kidole kilijiendea chenyewe,
kikapita kawaida, kikapita michezo,
kikaingia kwenye kile kishimo laini.
Klachi ikapanda taratibu. Gari likafikiri kwanza.
Kutoka lami ya Kiamunyi hadi langoni kwetu
kuna matuta kumi na moja, nayajua kwa majina ya wenye mashamba,
na kila tuta lilitupokea, likatuachilia.
Mama hakusema "aii" hata mara moja.
Kwenye la tisa alikuwa amelala, mdomo wazi.

Nilipozima, bati la boneti liliendelea kulia,
tik, tik, likipoa.
Niligusa tena kile kitufe.
Mtu yule wa mbali, asubuhi zake zote,
nilidhani alikuwa akiogopa barabara.
Sasa sijui.
Sijui alikuwa amembeba nani.

Wairuri alibisha kioo: lete mto, lete dawa,
unafanya nini humo?
Na Tapkigen bado ananidai mia nane.